Somo la Mwezi: Kwa Nini Biashara Ndogo Haikui?



Mwezi huu twapenda kujifunza jambo lihusulo riziki ya wengi. Tutazame Moa, katika wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Huko pwani wanaume huvua, na wanawake wengi hununua samaki ufuoni, huwakaanga, kisha huwauza. Wako walioifanya kazi hii miaka mingi, na biashara yao ingali sinia moja. Wengine husema, "Ni wavivu." Sivyo. Aamkaye kabla ya jua kungoja mashua hawezi kuitwa mvivu. Basi tuvitafute vizuizi vyenyewe.

Kwanza, mtaji huliwa. Tuseme mama mmoja anunua samaki kwa shilingi 30,000, na mafuta na kuni kwa 6,000. Auza vyote kwa 42,000. Faida yake ni 6,000. Lakini fedha zote zimefungwa katika pindo moja la kanga, na jioni zatoka 8,000 kwa unga, dawa na mahitaji ya shule. Machoni pake hakupoteza kitu, kumbe amekula mtaji 2,000. Zikipita siku kumi za namna hii, 20,000 zimekwisha kwenda.

Pili, samaki hangoji. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza la mwezi. Wakipatikana, hupatikana kwa wote, na bei hushuka. Asiye na barafu hana budi kuuza siku ile ile kwa bei apewayo. Mwezi ukiwa mpevu hana cha kuuza, na watoto wake wataka kula vile vile.

Tatu, deni. Kumnyima jirani samaki wa shilingi 1,000 ni aibu. Lakini deni lisiloandikwa husahauliwa, au huzaa ugomvi.

Nne, sheria. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa shilingi 20,000, kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi 4,000,000 kwa mwaka. Lakini kipimo hicho chapima mauzo, si faida. Mama yetu katika siku 100 huuza 4,200,000, na faida yake ni 600,000 tu, kabla hajala. Amevuka kipimo, naye angali maskini. Si ajabu mtu akiogopa kukua.

Dawa ya kwanza ni ipi? Twasema: daftari. Halileti barafu, wala halizidishi samaki. Bali humwonyesha mtu mpaka kati ya mtaji na faida. Tena, mauzo yakizidi 4,000,000, sheria ya kodi humtoza mwenye kumbukumbu kwa kadiri ya mauzo yake, na asiye nazo kiasi kilichokwisha kupangwa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Hutolewa hasa kwa vikundi vilivyoandikishwa. Nacho kikundi kitaaminiwaje bila hesabu?

Ninyi walimu, mjuao kuandika, keteni pamoja na asiyejua, hata mistari mitatu kila jioni: iliyoingia, iliyotoka, iliyokopwa.

Maswali ya kujifunza:

1. Mama wa mfano wetu angeweza kutumia kiasi gani jioni bila kugusa mtaji?

2. Katika vizuizi vinne, ni vipi mtu aweza kuviondoa peke yake, na ni vipi vyahitaji watu wengi?