Kicheko katika Nyumba ya Huzuni

Mwinjilisti mmoja alinijia na shauri zito. Mtaani kwake alikuwapo mtu aliyefiwa na mtoto, na tangu siku ile hakulima, hakula vema, wala hakuja tena ibadani. Mtani wake alipokwenda ili kumchekesha, mwinjilisti alimzuia mlangoni, akisema ya kwamba nyumba ile ni ya maombi, si ya mzaha. Sasa moyo wake ulimshitaki, akaniuliza kama alitenda vema.

Nilimkumbusha habari za Dakt. Martin Luther, ambaye wengi wetu humdhani kuwa mtu wa hoja na hasira tu. Mwaka 1530 alikaa katika ngome ya Coburg tangu Aprili hata Oktoba, wakati wenzake walipokwenda kuikiri imani mbele ya Kaisari huko Augsburg. Yeye hakuweza kwenda, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya dola. Kichwa kilimwuma, masikio yalimvuma, na mwezi wa Juni akapata habari ya kwamba baba yake amekufa. Akatwaa Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia. Walakini katika ngome iyo hiyo aliwaandikia rafiki zake barua za kuchekesha juu ya kunguru waliopiga kelele mitini mbele ya dirisha lake, kana kwamba nao wamekutana barazani kama wakuu wa Augsburg.

Tena mwaka uo huo alimwandikia Hieronymus Weller, aliyekuwa akimfundisha mtoto wake huko Wittenberg, naye Weller alikuwa amelemewa na huzuni. Shauri la Luther lilikuwa wazi: asikae peke yake, bali atafute wenzake, acheze nao, afanye nao mzaha. Aliongeza hata kwamba anywe zaidi kidogo. Katika hili la mwisho mimi simfuati, maana nimewazika watu walioanza kunywa ili wasahau. Weller aliishi hata 1572, akawa mwalimu wa Maandiko katika mji wa Freiberg. Lakini sisemi ya kuwa mzaha peke yake ndio uliomponya.

Angalieni jinsi Luther alivyotanguliza wenzake kabla ya mzaha. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Provine, aliyechunguza kicheko miaka mingi, aliona ya kuwa watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao. Basi mtu aliyejifungia ndani, kicheko atakipata wapi? Kwanza aje mtu wa kuketi naye. Tena kucheka naye ni jambo moja, na kumcheka ni jambo jingine, anayemwambia mgonjwa wa namna hii, “Changamka, mbona wengine wamefiwa zaidi?” humwongezea mzigo.

Mithali 17:22 husifu moyo uliochangamka kama dawa, lakini someni pia 14:13, mpate kujua ya kuwa moyo waweza kuumia mtu akiwa anacheka. Kwa hiyo tusidanganyike na meno. Huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, hata usingizi, chakula na kazi vikamshinda, huenda ni ugonjwa ambao madaktari huuita sonona, na dawa yake ipo, apelekwe hospitali. Na akisema ni afadhali afe, msimwache peke yake hata saa moja, mpelekeni siku iyo hiyo. Kumpeleka si kukosa imani.

Mwinjilisti yule alikwenda mwenyewe kumwita mtani. Mtani akaingia, akaketi kimya muda mrefu, kisha akasema, “Nimekuja kuchukua kuku wote. Mwenyewe hali tena, ninyi mwawaweka wa nini?” Mgonjwa alimtazama, akacheka kidogo, kisha akalia sana, na mtani akalia pamoja naye. Jioni aliomba uji. Asubuhi yake wote watatu walishika njia ya hospitali, na mtani alikuwa amebeba kuku mmoja.