Kufundisha Mtetemo wa Ardhi kwa Safu ya Vipimo

Walimu wa sayansi huzoea kusema kwamba udongo laini huzidisha mtetemo wa ardhi. Mara nyingi ni kweli. Lakini mwanafunzi asiyeijua sababu yake ataikariri kauli hiyo hata pale isipofaa.

Mwalimu achore ubaoni shimo la Port Island, kisiwa kilichojengwa kwa kujaza udongo baharini huko Kobe, Japani. Vipima-mtetemo vinne vilipangwa wima: juu ya ardhi, na kwenye kina cha meta 16, 32 na 83. Vyote vilinasa tetemeko la tarehe 17 Januari 1995.

Kwanza atoe kipimo cha chini kabisa: mchapuko wa mlalo wa karibu sentimeta 680 kwa sekunde ya mraba. Wanafunzi wakisie cha juu na kuandika makisio yao. Kisha awape jibu: karibu 340, yaani nusu tu.

Asiharakishe kueleza. Awape vipimo vya kati, karibu 540 kwenye meta 32 na 565 kwenye meta 16, wagundue wenyewe kwamba upungufu mkubwa ulitokea karibu na uso wa ardhi. Huko mchanga uliolowa maji ulitikiswa ukawa kama uji, ukashindwa kupitisha mtetemo wa mlalo. Wasidhani kwamba huo ulikuwa usalama: ardhi ilididimia na kuta za gati zikasogea.

Baharini pia vinasa-sauti hutundikwa wima kwenye kamba moja. Tofauti ya nyakati za kufika kwa sauti hudhihirisha pembe iliyojia. Kipimo kimoja kisingalitufunza hayo.