Sarakasi kwa Mtoto: Anza na Kushuka

Pale Forodhani, Zanzibar, jioni vijana hukimbia na kujirusha baharini huku wakipiga samasoti hewani, na watoto wanaotazama hurudi nyumbani wakitaka kufanya vilevile. Maji humsamehe anayekosea, saruji haisamehe. Mtoto akikuambia anataka sarakasi, usimkataze, ila usianze na kuruka. Mfundishe kwanza kufika chini salama.

Tafuta mchanga, nyasi au godoro. Achuchumae, aweke viganja chini mbele yake, abane kidevu kifuani, kisha ainue makalio na kujisukuma kwa miguu. Baada ya viganja, kinachogusa chini ni mabega kwa nyuma, siyo utosi. Mpe leso aibane kati ya kidevu na kifua. Ikidondoka kabla hajamaliza kubiringita, shingo imefunguka, arudie. Yeye anaona mchezo, wewe unalinda shingo.

Piramidi ya watu ndiyo watoto wanayoipenda zaidi, na ndipo wazazi wengi hupata wasiwasi. Watoto watatu wanatosha. Wawili wapige magoti bega kwa bega, kama wanaotambaa: viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, mgongo umenyooka. Wa tatu, aliye mwepesi, apande kutokea nyuma, goti moja kwenye nyonga za huyu, jingine kwenye nyonga za yule, mikono mabegani mwao. Katikati ya mgongo hapakanyagwi hata kidogo. Wewe simama karibu, mikono tayari.

Kabla hawajapanda, kubalianeni neno moja, kwa mfano “shusha!” Yeyote anaweza kulitamka, hata wa chini aliyechoka tu, na likitamkwa hakuna kubishana. Kushuka ni kwa njia ileile ya kupandia, mguu mmoja mmoja. Kuruka kwa mbwembwe kutoka juu huwasukuma walio chini, nao ndio huumia.

Samasoti ya hewani mwachie mwalimu. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, Nairobi kuna kituo kiitwacho Sarakasi pale Ngara, na kwenye miji mingi kuna kikundi kinachofanya mazoezi uwanjani. Ukienda, tazama kwanza kama mwalimu anawashika wanafunzi wapya wanaporuka. Asipofanya hivyo, ondoka na mwanao. Wala usiwe na haraka: vijana wa Kitanzania waliopelekwa China miaka ya 1960 kusomea sarakasi walifundishwa kwa miaka, siyo wiki.

Mtoto asiyependa kupanda mpe mipira. Ya tenisi hudunda na kukimbilia uvunguni, kwa hiyo jaza mchele au kunde kwenye soksi kuukuu na ufunge fundo. Aanze na mmoja, akiurusha kutoka mkono hadi mkono, usawa wa macho. Kisha miwili: wa kwanza ukifika kileleni, ndipo wa pili urushwe. Karibu kila mtoto hudanganya hapa, wa pili haurushi bali anaupokeza mkono wa pili. Mwambie ahesabu kwa sauti, “rusha, rusha, daka, daka.” Mipira ikimkimbia mbele, asimame akitazama ukuta. Akiwa mbele ya kitanda hatainama kila mara kuokota. Mpira wa tatu usubiri mpaka miwili itulie, na kwa wadogo wa chekechea mtandio mwepesi unafaa zaidi, maana hushuka polepole.

Mazoezi yakishakolea, waandalie watoto onyesho la dakika tano mbele ya majirani. Mazoezi ya onyesho si ya mitindo peke yake: wajue wanaingilia wapi, wanasimamaje mwishoni, na mpira ukidondoka wafanye nini. Jibu ni kuuokota kwa madaha kana kwamba ilipangwa, halafu kuendelea. Na yule anayeona haya mbele za watu mkabidhi ngoma, au ndoo tupu na fimbo mbili. Wenzake wote watapanda na kushuka kwa kumfuata yeye.