Masala ya Mlonge na Ini la Mgonjwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baadu.

Ndugu msomaji, mlonge ni mti tuujuao sana huku Mkuza na pwani yote, na wako wasemao kuwa dawa za kifua kikuu huharibu ini na mlonge hulikinga. Basi je, mgonjwa aache vidonge anywe mlonge, au achanganye vyote viwili? Neno hili mna kweli ndani yake na mna dhana, na yapasa tuyapambanue.

Kweli ya kwanza ni kuwa dawa tumezazo hupita katika ini. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6: miwili ya kwanza kwa dawa 4, na minne ya baadaye kwa dawa 2. Katika hizo 4, tatu, nazo ni isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zaweza kulidhuru ini la baadhi ya wagonjwa. Hata parasetamoli, mtu mzima akipita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, yaweza kuwa sumu ya ini.

Kweli ya pili ni kuwa mwaka 2002 wataalamu wa India waliwapa panya dawa za kifua kikuu pamoja na mlonge, wakaona madhara ya ini yamepungua. Lakini zingatia: hao ni panya, si wanadamu; na walichopewa ni nguvu ya majani iliyotolewa kwa spiriti na kupimwa, si majani yaliyochemshwa chunguni. Kukilinganisha chungu chetu na kipimo chao ni kiyasi kisichotimia nguzo zake.

Ama kuacha vidonge, jawabu ni hapana. Mafakihi wametufundisha kuwa jambo la yakini haliondoki kwa shaka. Nafuu ya vidonge imethibiti kwa wanadamu; kinga ya mlonge haijathibiti. Na aachaye katikati huvipa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa, kisha akawaambukiza mkewe na wanawe.

Wala kuchanganya kwa siri si sawa. Miti mingine yenyewe hudhuru ini, na mingine hubadili kazi ya dawa. Ini likiharibika, daktari atajuaje sababu ikiwa umemficha?

Wala hatudharau miti ya dawa. Muhimbili imekuwa ikiichunguza tangu 1974. Lakini Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, amefundisha kuwa atibuye watu bila ya kuujua utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Auzaye unga wa majani na ayakumbuke haya.

Basi shika alama hizi: macho kuwa manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, kichefuchefu, kuchukia chakula, na maumivu ya tumbo upande wa kulia juu. Azionaye aende siku ile ile zahanati, au hospitali ya Tumbi hapo Kibaha; daktari ndiye atakayezisimamisha dawa na kuzirejesha kwa taratibu. Na aliyezidisha parasetamoli asingoje kuumwa: dawa yake iko, ni asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Mwili ni amana, na mwenye amana haifanyii majaribio.

Wallahu aalam.