Lugha ya Taarifa za Nyangumi Wakati wa Kipupwe

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia namna taarifa za kuonekana kwa nyangumi katika maji ya pwani zinavyokusanywa wakati wa kipupwe, na nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo. Huenda msomaji akashangaa kwamba mada hii imeandikwa na mtu aliyelelewa Kalamba, Ukambani, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, ambako neno nyangumi hufunzwa darasani pamoja na majina ya viumbe wengine ambao mwanafunzi hajawahi kuwaona. Lakini Mto Athi, unaotenganisha Makueni na Kitui, ndio huo huo unaoitwa Galana katika nyika ya Tsavo, na Sabaki unapoingia Bahari Hindi kaskazini ya Malindi. Udongo unaomomonyoka katika mashamba yetu huishia katika bahari ile ile wanamopita nyangumi. Sababu ya pili ni ya kiisimu, nayo ndiyo itakayotushughulisha zaidi: taarifa ya kiumbe wa baharini huweza kuharibika katika lugha kabla haijamfikia mwanasayansi.

Majira ya nani?

Kazi ya kufuatilia nyangumi kwa taarifa za watu wa kawaida ina mizizi mirefu Amerika ya Kaskazini. Katika miaka ya 1970 mtafiti Michael Bigg na wenzake, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, walionyesha kwamba kila nyangumi muuaji anaweza kutambuliwa kwa picha ya pezi lake la mgongoni na baka la kijivu lililo nyuma ya pezi hilo. Tangu hapo imewezekana kuwahesabu mmoja mmoja. Karibu na jiji la Seattle, nyangumi hao huingia ndani ya ghuba ya Puget Sound msimu wa baridi unapokaribia, wakifuata samaki aina ya samoni, na watu walio ufukweni au ndani ya feri hutoa taarifa za mahali walipowaona.

Sisi wa Afrika Mashariki tukitafsiri habari hizo hatuna budi kuwa waangalifu. Baridi ya Seattle huja Desemba, wakati ambapo pwani yetu iko katika kaskazi na jua ni kali. Kipupwe chetu ni cha Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma na ukungu unapokaa juu ya Kilima cha Nzaui. Huo ni msimu wa baridi wa nusu ya kusini ya dunia, na ndio unaotuletea wageni wetu wakubwa. Nyangumi wa nundu, ambaye huweza kufikia urefu wa mita 15 au zaidi, hula katika bahari ya Antaktika wakati wa kiangazi cha huko, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kujamiiana katika maji ya joto ya Msumbiji, Tanzania na Kenya. Huku kwetu huonekana hasa kati ya Julai na Septemba. Mwaka 2011 ulianzishwa mtandao uitwao Kenya Marine Mammal Network, ambao Watamu Marine Association ni miongoni mwa washiriki wake wakuu, ili kukusanya taarifa hizo kutoka kwa watafiti, manahodha wa boti za utalii, wavuvi na wengineo.

Jina na kiumbe

Tatizo la kwanza ni jina. Mvuvi akisema "nimeona nyangumi," amesema jambo la kweli lakini halijatosha. Jina hilo linaweza kubeba aina nyingi, na kwa mtu asiye mzoefu linaweza hata kumbeba papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote, ambaye husimuliwa kwamba madoa yake ni shilingi zilizomwagwa mgongoni mwake kutoka mbinguni. Papa shilingi ni samaki hasa: hupumua kwa mashavu, na mkia wake umesimama wima. Mkia wa nyangumi umelala, naye hulazimika kuja juu kuvuta hewa. Upande mwingine, huyo tunayemwita nyangumi muuaji kwa kufuata Kiingereza ni wa jamii ya pomboo, tena ndiye mkubwa wao. Amewahi kuonekana katika maji ya Kenya, ingawa kwa nadra. Kwa hiyo jina letu la kutafsiri limemweka katika ukoo usio wake, na mwandishi haoni haraka ya kulitetea.

Dawa yake si kumfundisha mvuvi majina ya Kilatini. Ni kuuliza vizuri. Fomu inayouliza "Uliona spishi gani?" itapata jibu la kubahatisha. Fomu inayouliza "Mkia ulilala kama wa pomboo au ulisimama kama wa papa?", "Pezi la mgongoni lilikuwa fupi lenye nundu, au refu kama mtu aliyesimama?", "Kulikuwa na baka jeupe nyuma ya jicho?" itapata ushahidi. Dume la nyangumi muuaji huweza kuwa na pezi la karibu mita 1.8, hakuna anayelisahau.

Saa na siku

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika kuliko mtu mwingine yeyote. Mvuvi anasema alimwona nyangumi "saa mbili kasorobo." Karani mwenye fomu ya Kiingereza anaandika 1:45. Kumbe ilikuwa saa 7:45 kwa hesabu ya Kizungu, na tofauti ni saa sita kamili. Taarifa nyingine ya boti ya utalii siku hiyo hiyo, iliyoandikwa 7:50, itahesabiwa kuwa ya mnyama mwingine, na nyangumi mmoja amekuwa wawili.

Siku nazo zina mtego. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi usiku kwa anayefuata kalenda ya ofisini. Mvuvi wa usiku anaposema hivyo hajakosea; aliyekosea ni anayeandika bila kuuliza. Ni heri kuuliza pia hali ya maji, kama yalikuwa bamvua au maji mafu, kwa kuwa jibu hilo humwezesha mtafiti kusahihisha tarehe kwa kutazama mwezi.

Siku ambayo hakuonekana

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na boti nyingi ndogo hubaki ndani ya miamba au hazitoki kabisa. Wiki isiyo na taarifa yaweza kumaanisha kwamba nyangumi hawakupita, au kwamba hapakuwa na macho ya kuwaona. Ramani ya taarifa isiyosema ni boti ngapi zilitoka huishia kuwa ramani ya boti: alama nyingi mbele ya hoteli za Watamu na chache mahali pasipo na watalii.

Kwa hiyo mtafiti anahitaji taarifa za kutoona sawasawa na anavyohitaji za kuona. Kumweleza mzee wa pwani jambo hili kunataka lugha. Ukimwuliza "Kuna habari gani za nyangumi?" naye hakumwona, atakujibu kwa adabu kwamba hakuna, na mazungumzo yamekwisha. Ukimwuliza "Mzee, leo mlitoka saa ngapi, mkafika wapi, mkarudi saa ngapi?" atakueleza kwa utulivu: walitoka saa kumi na moja alfajiri, wakapita nje ya miamba, upepo ukawa mkali, wakarudi saa nne, nyangumi hawakumwona. Jibu hilo liandikwe lote, pamoja na hilo la upepo.