Na Nini Kingine?

Najua wengi wenu mnaosoma sayansi mnatamani kuwa madaktari. Nami nilitamani hivyo nilipokuwa shuleni, na sasa ni mwanafunzi wa udaktari hapa Uganda. Nataka kuwaeleza somo moja nililolipata wodini.

Aliletwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa na kikohozi. Damu yake ilipimwa, ikaonekana ina vijidudu vya malaria. Nikasema upesi, "Ni malaria, Daktari."

Mwalimu wangu akaniuliza, "Na nini kingine?" Nikanyamaza. Akaniambia nifunue kifua cha mtoto, nitazame saa, nihesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Nikapata 52. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na akiwa na kikohozi yafaa kushuku nimonia.

Hapo nikafahamu. Mahali penye malaria nyingi, mtoto aweza kuwa na vijidudu katika damu, kumbe kinachomdhuru ni ugonjwa mwingine. Kipimo hakikusema uwongo. Mimi ndiye niliyeacha kuuliza mapema mno. Basi mtoto akatibiwa magonjwa yote mawili.

Mwaka 1957 Renée Fox, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, aliandika habari za wanafunzi wa udaktari wa Cornell. Alionyesha kwamba mashaka yao ni ya namna tatu. Ya kwanza hutokana na mambo ambayo mwanafunzi hajajifunza. Ya pili, na mambo ambayo elimu ya udaktari yenyewe haijayajua. Ya tatu, na shida ya kupambanua hayo mawili. Ya kwanza dawa yake ni kusoma. Ya pili yataka kumwambia mgonjwa kweli. Ya tatu yataka kumwuliza aliyetutangulia.

Lakini mashaka si ruhusa ya kukaa bure. Tangu siku ile huandika mambo matatu: nadhani ni ugonjwa gani, waweza kuwa upi mwingine, na dalili gani ikitokea nitabadili shauri. Mama yake mtoto naye aliambiwa, "Akishindwa kunywa, au akizidi kupumua kwa shida, tuite mara moja." Siku ya tatu mtoto aliomba uji.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Nanyi darasani, mkipata jibu la kwanza, msifunge daftari kabla ya kujiuliza: na nini kingine?