Yeni Ilipopanda, Ajira Zikaporomoka

Wengi wetu tunaamini kwamba sarafu ikipanda thamani, uchumi wake ni mzima. Yaliyotokea Japani mwaka 2008 yanatulazimisha kulitazama jambo hili upya. Agosti mwaka huo dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na yeni 110 hivi. Kufikia Desemba ilikuwa karibu yeni 90. Yeni ilipata nguvu katika miezi ileile ambayo viwanda vya Japani viliachisha watu kazi kwa maelfu.

Tuanze na msingi. Bei ya sarafu hupanda wanaoitaka wanapozidi wanaoiuza, basi. Haipimi jasho wala ustadi wa wananchi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nani alikuwa akinunua yeni wakati dunia nzima inayumba?

Wanunuzi walikuwa wadaiwa. Kabla ya msukosuko, riba ya Benki Kuu ya Japani ilikuwa asilimia 0.5, na ya Australia asilimia 7.25. Wawekezaji walikopa yeni, wakaziuza wapate dola za Australia, wakaziweka huko na kufaidi tofauti ya riba. Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika tarehe 15 Septemba 2008, hofu ikatanda na wote wakataka kulipa kwa wakati mmoja. Deni la yeni hulipwa kwa yeni, na asiyekuwa nazo hana budi kuzinunua. Hata dola ya Marekani, nchi ambako balaa lilianzia, ilipanda dhidi ya euro na pauni, kwa kuwa duniani madeni mengi ni ya dola.

Sasa tuingie kiwandani. Gari linauzwa Marekani kwa dola 20,000. Dola ikiwa yeni 110, kiwanda kinapata yeni 2,200,000. Ikiwa yeni 90, kinapata 1,800,000. Yeni 400,000 zimeyeyuka, ilhali mishahara na umeme vinalipwa kwa yeni zilezile. Kiwanda kikipandisha bei, mnunuzi wa Marekani, ambaye huenda naye amepoteza kazi, anaahirisha kununua.

Haki isemwe: pigo kubwa zaidi lilikuwa kukosa wateja. Februari 2009 mauzo ya Japani nje ya nchi yalikuwa karibu nusu ya yale ya Februari iliyotangulia. Yeni yenye nguvu iliongeza chumvi kwenye kidonda.

Walioumia kwanza ni vibarua wa mikataba walioletwa viwandani na mawakala, utaratibu ambao sheria iliuruhusu viwandani mwaka 2004. Wengi waliishi katika mabweni ya kazini, hivyo aliyeachishwa kazi alipoteza na malazi. Mwaka mpya wa 2009 ulipoingia, mamia yao walikusanyika katika bustani ya Hibiya jijini Tokyo, jirani na Wizara ya Kazi, wakilala kwenye mahema na kula chakula cha wahisani. Yeni waliyokuwa wakilipwa ilikuwa miongoni mwa sarafu zenye nguvu kuliko zote duniani.

Ndugu zetu wanaotusomea viwango vya fedha kila jioni, tunawaomba watwambie pia ni nani ananunua, na kwa sababu gani.